Iweke juu ya kioo

Bukavu, Jumapili jioni

Jambo sana Mama Mapacha,

Habari ya siku mingi, habari ya Lubumbashi, watoto wanaendeleaje? Siye hapa tuko, Mungu anasaidia, mvua imerudi na njia ya Kadutu ni matope tupu, utajua mwenyewe. Nilipashwa kukujibu tangu ulinitumia ile picha ya watoto na uniforme mpya, unisamehe sana. Lakini leo siwezi kungoja kesho ju ni jambo la mashini, hizi ordinatere zetu za kubeba, na yako na yangu zilitoka siku moja, kwa muuzaji mmoja, hata zile alama za mkwaruzo zilifanana, unakumbuka?

Sikiliza. Wiki tatu zimepita klavye yangu ikaanza kukataa. Si herufi zote, ni n, b, v na ile ndefu ya kuachia nafasi. Za juu zote zinatembea, hata m iko mzima ju kwetu m inakaa kando ya l, lakini kule chini kimya kabisa. Nikiandika "nyumba" inatoka "yuma". Na ni wakati ule njo nilikuwa na TFC, ile kazi ya kumaliza masomo, ya kurasa 60 ya kijana mmoja, alipashwa kudepoze Ijumaa, na unajua kazi ya sekretaria, ukisema mashini iko mgonjwa watu wanavuka barabara.

Nilifanya yote ulinifundisha. Nikazima nikawasha, nikaangalia kama ile hali ya kuchelewesha herufi haikujiwasha (ile inakuja ukishikilia Shift ya kuume muda mrefu), hapana. Nikaazima klavye ya USB kwa Baba Neema, nikachomeka, n b v zote zikaitika. Njo nikajua Windows haina kosa, ugonjwa uko ku klavye yenyewe. Nilipomrudishia klavye yake nikabonyeza Windows, Ctrl na O pamoja, klavye ikatokea ku ekra, nikamaliza kurasa za mwisho nikipiga kila n kwa suri, ile ya kusogeza mshale, moja moja, macho yalikuwa moto.

Kisha nikang'oa kifuniko cha n polepole kwa ukucha. Chini mule kuna kile kimpira kidogo kama kofia ya mtoto, na vimiguu viwili vya plastiki vinapishana kama mikasi. Na pembeni, gamba moja la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa! Limekauka, linang'aa. Nikasema njo wewe. Nikalitoa, nikapangusa na pamba yenye alkoli kidogo, n ikaitika siku mbili nzima, nilifurahi nikawaambia hata wateja. Siku ya tatu ikakataa tena, na sasa hata pale chini pa kuongozea mshale pakawa pagumu, ukibonyeza hapashuki.

Nikaenda kwa fundi ku soko. Hakuifungua hata, alisema klavye imekufa, dola 35, lete kesho. Na mimi nilikuwa tayari kulipa, makuta ya kodi ile.

Aliyeniokoa ni Yaya wa Nguba, alipita kuchukua fotokopi zake tu. Aliweka mashini juu ya kile kioo cha meza, akagusa pembe moja na kidole. Ikacheza. Tik, tik. Kitu kilipashwa kulala sawa kabisa kinacheza! Akaniuliza, tumbo yake ilivimba tangu lini? Akazima, akatoa shaja, akafungua visi zote, na batri, Mama Mapacha, batri imefura kama mandazi ndani ya mafuta. Ilikuwa inasukuma klavye toka chini, vile vimpira havina tena nafasi ya kushuka. Na mimi wiki tatu nzima nabonyeza n kwa nguvu juu yake, nafikiri herufi ni nzito! Mikono inatetemeka nikikumbuka. Yaya alisema ni gesi inazaliwa ndani batri ikizeeka ao ikipata joto, na kukaa ku shaja siku zote kunaichosha mbio, na ikitobolewa ao ikikandamizwa inaweza kuwaka moto. Watu wanaitoboa na sindano ili upepo utoke, usijaribu hata siku moja.

Alipoitoa tu, n ikarudi. B, v, zote, saa ileile, bila kulipa hata franka. Na kila usiku nawaza ule fundi angeweka klavye mpya juu ya ile batri, akaze visi, nirudishe nyumbani mbele ya makala ya jiko.

Sasa natumikia kurant tu, ikikata mashini inazima katikati ya neno, kwa hiyo nahifadhi kila mstari. Batri iko inje ndani ya beseni ya mchanga mkavu, mbali na watoto, Yaya atakuja kuichukua. Uniulizie kwenu mpya inauzwa ngapi, usinunue bado, nitakutumia namba yake, na si ya okazio, iliyokwisha kutumiwa, tafadhali.

Lakini kwanza yako. Umeiweka juu ya kioo? Inacheza? Ukiifunga, mdomo unafunga sawa ao kuna nafasi? Pale pa kuongozea mshale panashuka bado? Unaiacha ku shaja usiku mzima kama zamani, na bado unailaza ku kitanda pembeni ya wale watoto? Ukiona imevimba hata kidogo toa shaja, zima, ipeleke kwa mtu atafungua mbele yako. Na ule wetu wa Kamalondo, si naye alinunua siku ile? Unaweza kumfikia? Namba yake kwangu haipiti tena.

Sambaza zako nimekausha, natafuta mwenye anakuja huko. Unijibu leo, hata neno moja.

Mama Furaha