Barua kwa vijana wa Mwaloni kuhusu mwenzenu mliyemfukuza

Wajukuu zangu,

Ninawaandikia nikiwa na hasira, na mtanisamehe iwapo kalamu itakwaruza. Jumanne iliyopita, magunia ya dagaa kutoka visiwani yakiwa bado yanashushwa, mwenzenu mmoja aliingia soko letu la Mwaloni, hapa Mwanza, baada ya miezi minane ya kutoonekana. Alikuwa amekonda, na kandambili yake moja imeungwa kwa waya. Nilikuwa nimekaa karibu na mizani nikamwona akisita langoni kama mgeni aliyekosea nyumba. Kabla hajawahi kutoa salamu, mmoja wenu alipaza sauti, "Gaidi karudi!", mwingine akatoa simu akampiga picha, na kufikia adhuhuri picha hiyo ilikuwa imezunguka katika makundi ya WhatsApp kutoka Kirumba hadi Igoma. Kesho yake hakuwepo.

Wale waliomvuta kwenye ugaidi walihangaika karibu mwaka mzima kumtenga na watu wake. Ninyi mliwamalizia kazi hiyo kwa asubuhi moja, tena bila malipo.

Alinijia usiku wa Jumanne hiyo, na nitawaeleza kiasi alichoniruhusu. Hakuanza kwa kuchukia mtu. Alianza kwa kudhulumiwa ujira wa wiki tatu za kubeba magunia, wakati ambao mama yake amelazwa, nasi sote tuliokuwa tukimwita "mwanangu" tukampa pole na kuendelea na mizani yetu. Mtu mmoja, mpole na mwenye kusikiliza, ndiye aliyelipa bili ya hospitali na hakudai chochote. Baada ya hapo yalifuata maneno madogo madogo: kwamba mpira unapoteza muda, kwamba mjomba wake mnywaji hastahili kusalimiwa, kwamba imamu wa mtaani kwao amenunuliwa. Mimi mwenyewe nilimwona akipita bila kuniamkia, nami, kwa kiburi cha uzee, nikanuna badala ya kumwita na kumuuliza. Mwisho akaombwa kusajili laini mbili za simu kwa alama za vidole vyake, kisha akapewa nauli ya kwenda kufanya kazi ya gereji kusini. Alipofika Mtwara na kuelewa kazi yenyewe ni ipi na kwamba iko ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, alitoroka, akarudi kwa kuungaunga lifti za malori.

Hizo laini za simu ndizo zilizoninyima usingizi, kwa maana nimewahi kufuatilia kisa cha namna hiyo. Khalfan Khamis Mohamed alikuwa kijana wa Zanzibar aliyesaidia katika duka la kaka yake Dar es Salaam, kabla ya kwenda Afghanistan kwenye kambi ya mafunzo. Mwaka 1998 yeye, mwenyeji, ndiye aliyepangisha nyumba ya Ilala ambamo bomu liliandaliwa, na alikuwa miongoni mwa waliosaga baruti yake. Tarehe 7 Agosti bomu hilo liliwaua watu 11 kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, siku ileile ambayo jingine liliua 213 Nairobi. Wakubwa waliopanga walikuwa wamekwisha kuondoka nchini. Yeye aliachwa amalizie. Mwaka uliofuata alikamatwa Cape Town, akifanya kazi katika mgahawa, na mwaka 2001 mahakama ya New York ikamhukumu kifungo cha maisha. Simtetei, kwa kuwa damu ya wale 11 imo mikononi mwake. Ninachotaka mkione ni mgawanyo wa kazi: anayepanga hana jina kwenye mkataba wowote, na anayetumwa ndiye anayeandikwa. Kwa hiyo mtu akikuomba uchukue chumba, laini au pikipiki kwa jina lako huku yeye jina lake halisi hulijui, muulize mbele ya mashahidi ni kwa nini.

Wala msidhani mambo haya yanahusu pwani peke yake. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, nasi tukakaa siku nyingi ufukweni tukisubiri miili, miongoni mwa waliokufa alikuwamo Abu Ubaidah al-Banshiri, kiongozi wa kijeshi wa al-Qaeda, kundi lililolipua balozi zile, aliyekuwa akisafiri kama abiria yeyote. Mei 2016, hapahapa Mwanza, watu watatu akiwamo imamu waliuawa kwa kukatwakatwa msikitini Mkolani. Waliouawa walikuwa Waislamu wakiswali, kwa hiyo anayewaambia kwamba dini fulani ndiyo chanzo awaeleze kwanza ya Mkolani.

Kuhusu pesa, msichukue ya mtu msiyejua anakofanyia kazi. Kuhusu video za vita mnazotumiana usiku, zifuteni. Kuhusu anayekwambia usimweleze mama yako, mweleze mama yako.

Nasi wazee tuna letu. Mwaka 2017 UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na mamia ya watu barani Afrika waliojiunga na makundi ya itikadi kali kwa hiari. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma hatimaye ni kitendo cha serikali, kama vile ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa. Nimehudhuria vikao vya mtaa ambako tunataka kila kijana mwenye ndevu ndefu achukuliwe, na hakuna hata mzee mmoja anayeuliza yule tajiri aliyekula ujira wa mbeba magunia achukuliwe lini. Niliketi katika vikao hivyo, nikapiga makofi.

Kijana yuko kwa mjomba wake Sengerema, yuleyule mnywaji, ambaye alimfungulia mlango bila kuuliza swali. Amekubali kwenda kueleza habari za zile laini mbili, ila anaogopa kwenda peke yake. Jumamosi alfajiri ninaondoka kumfuata, na katika gari niliyoazima kuna nafasi mbili. Moja ninamwekea aliyepiga picha. Aniletee simu yake Ijumaa jioni, tufute picha hiyo pamoja na kuandika katika kila kundi alikoituma kwamba alikosea, kisha alale mapema.

Babu yenu,
Mwalimu mstaafu, Kirumba