Jina Moja, Koo Nyingi

Canberra, Australia

Shikamoo Baba,

Umeuliza inakuwaje vitabu vitaje "lugha za Kipapua" kisha vikatae kwamba lugha hizo ni ndugu. Jina hilo ni kapu tu. Humo hutiwa kila lugha ya kisiwa cha New Guinea na visiwa jirani isiyo ya Kiaustronesia (ukoo mkubwa wenye Kimalei na Kimalagasi) wala ya Australia. Zimo zaidi ya 800, na mwaka 1986 mwanaisimu William Foley alihesabu koo zaidi ya 60, yaani makundi ya lugha zenye asili moja.

Udugu huanza kupimwa kwa orodha ya maneno 100 hadi 200 ya kila siku: maji, chawa, kula, kufa, mimi, wewe. Maneno ya kuazima huchujwa mapema, maana ndiyo yanayopotosha. Mtu akishika sita, saba na tisa peke yake, atasema Kiswahili kimezaliwa na Kiarabu. Kisha husakwa sauti zinazopokezana kwa utaratibu. Sikiliza Kikuyu cha majirani hapo: jicho ni riitho, cheka ni theka, mapacha ni mahatha. Ch yetu inakutana na th yao katika maneno yote matatu. Huo ndio ushahidi. Neno moja kushabihiana halitoshi.

Kule New Guinea shida ni kwamba lugha nyingi zina orodha fupi tu, pengine iliyoandikwa na mtu asiyezoea toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana. Tena kwingine jina la mkwe ni mwiko, hivyo neno linalofanana nalo huachwa na jingine huazimwa kwa jirani. Mwanaisimu Stephen Wurm, mwaka 1975, aliziunganisha lugha kama 500 katika kundi la Trans-New Guinea, mara nyingine kwa kulingana chini ya asilimia 12 ya maneno, pamoja na sarufi zinazofanana. Hapo ndipo alipokosolewa, na nadhani kwa haki: kitenzi kukaa mwisho wa sentensi ni tabia ambayo majirani huambukizana bila kuwa na damu moja.

Mwanaisimu Malcolm Ross, mwaka 2005, alilipima upya kundi hilo akianza na viwakilishi, kwa kuwa ni nadra kuazimwa. Kwa Kikâte, lugha ya rasi ya Huon mashariki mwa New Guinea, "mimi" ni no, "wewe" ni go. Kwa Kiasmat, zaidi ya kilomita 1,000 magharibi, "mimi" ni no pia. Lakini silabi moja hufanana hata kwa bahati, ndiyo maana hulinganishwa seti nzima, mimi hadi wao, na hata hivyo matokeo ni dokezo la awali. Mwanaisimu Andrew Pawley naye amelipima kundi hilo kwa maneno mengine, kama niman, umbo la kale linalokadiriwa la "chawa".

Kikuot, lugha ya kisiwa cha New Ireland huko Papua New Guinea, hakijapata ndugu. Kimezungukwa na lugha za Kiaustronesia pande zote, nacho kimeachwa peke yake kwenye orodha ya koo, inavyostahili.

Msalimie Mama na wadogo zangu wote.

Mwanao