Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kusoma vitabu hapa Dodoma,

Hesabu atazisoma mweka hazina, sitamwingilia. Niseme tu kwamba ada za wengi bado ni ahadi, na vitabu vilivyoazimwa tangu masika havijarudi. Walio navyo wanajijua.

Mwaka wetu ulitawaliwa na msiba. Tarehe 28 Mei mwandishi wa Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o, alifariki huko Marekani, akiwa na miaka 87. Juni tukaweka kando kitabu tulichokuwa tumepanga, tukakutana Area C kumsoma yeye. Nakala ya riwaya yake *Shetani Msalabani* ilikuwa moja, kurasa zimelegea, ikabidi tuisome kwa sauti kwa kupokezana.

Wengi hatukujua ilikotoka. Mwaka 1977 Ngũgĩ alishirikiana na wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, kuigiza tamthilia kwa Kikuyu. Serikali ikaipiga marufuku, na mwaka ulipofunga yeye akawekwa kizuizini bila kesi. Riwaya zake za Kiingereza zilikuwa kali vilevile, lakini nionavyo mimi, kilichowatia hofu wakubwa ni kumsikia mkulima akicheka kwa lugha yake. Huko gerezani Kamiti akaiandika riwaya hii, kwa Kikuyu, juu ya karatasi za chooni. Alisimulia mwenyewe kuwa zilikuwa ngumu, za kumuumiza mfungwa, ila kalamu ilizipenda. Tulicheka sana hapo, kisha tukanyamaza.

Ndipo mama mmoja wa Mvumi, mwanachama wa siku nyingi, akaomba kutoa hadithi kwa Kigogo. Vijana wetu, Wagogo kwa baba na mama, wakanigeukia niwatafsirie. Mimi mwenyewe nilishika nusu. Nakiri haya mbele yenu kwa kuwa ndiye mimi ninayelalamika kila mwaka kwamba watoto hawasomi.

Wapo waliosema tunataka kukifanya chama kuwa cha kabila. Hapana. Kitabu cha Kikuyu tumekisoma kwa Kiswahili hapa Dodoma, na hakuna aliyeuliza kwa nini Warĩĩnga, mhusika wake mkuu, ana hasira.

Kamati inapendekeza kila kikao cha 2026 kifunguliwe kwa hadithi moja ya Kigogo, Kirangi au Kisandawe. Mmoja asimulie, mwingine aandike. Daftari limeshanunuliwa, liko kwa katibu. Ukurasa wa kwanza una hadithi ya yule mama, pamoja na mapengo pale ambapo sikushika.