Nguvu ya gongo haianzii mikononi

Mhariri, salaam toka Tanga. Naomba wanaofundisha vijana wetu besiboli waache kuwapigia kelele "tumia mikono!", spidi ya gongo la kupigia mpira inaanzia chini, miguuni, jamani. Mguu wa mbele ukishakanyaga ukakaza, nyonga ndo zinazunguka kwanza, mabega yanafuata, mikono na gongo vinakuja mwisho kabisa, sasa dogo akizungusha mabega na nyonga kwa pamoja spidi yote kashaipoteza. Halafu unamkuta kakaba gongo mpaka vidole vimekakamaa, hapo vifundo vya mikono haviwezi kufyatuka. Giancarlo Stanton wa Yankees, timu ya besiboli ya New York, mwaka 2024 spidi ya gongo lake ilikuwa wastani wa kama kilomita 130 kwa saa, wenzake wengi kule Marekani ni kama 115. Na watoto wapewe magongo mepesi, tafadhalini.

Mpenda besiboli, Tanga