Madaftari ya kambini yanaliwa na mchwa, tuandike haya mambo kwa Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, maana hili jambo la tuliyojifunza kwenye kazi ya watoto wakimbizi kupotea bila kuandikwa limenikaa rohoni miaka sasa na nikiendelea kunyamaza naona kama nawakosea wale watoto.

Mi nilifanya kazi na watoto wa wakimbizi kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, toka katikati ya 2015 kipindi kile Warundi wanaingia kila siku. Wanaokumbuka wanajua hali ilivyokuwa, watu wamejazana Kagunga, kijiji kidogo cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika ambacho gari halifiki, mwezi wa tano kipindupindu kikalipuka, ikabidi meli ya Liemba iwe inawabeba kama watu 600 kwa safari mpaka Kigoma mjini halafu wanapakiwa kwenye mabasi kwenda kambini. Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, wakaongezwa Warundi humo humo mpaka idadi ikapita laki moja na nusu. Na kwenye msongamano huo kuna watoto wamefika peke yao, wengine wamepotezana na mama pale ziwani, wengine walitangulizwa na jirani.

Kazi yangu ilikuwa kuwaandikisha hao. Nikapewa fomu iliyotengenezwa mbali huko, ina sehemu ya jina la kwanza na sehemu ya jina la ukoo. Sasa Warundi wengi hawana jina la ukoo kama tunavyolijua sisi, kila mtoto anapewa jina lake na baba ana la kwake, watoto wa baba mmoja mama mmoja majina yao hayafanani hata kidogo. Mtoto anakwambia naitwa Bukuru, na kina Bukuru kwenye foleni wako wengi, maana kule pacha wa kwanza ni Bukuru na wa pili ni Butoyi. Nikajaza fomu kama nilivyoelekezwa. Kuna ndugu wawili, dada wa miaka tisa na mdogo wake wa mitano hivi, kwa sababu majina ni tofauti kwenye kompyuta wakasomeka kama watu wasiohusiana, wakapelekwa zoni tofauti. Ilituchukua siku kumi na moja kuwakutanisha na yule mdogo tulimkuta ameacha kuongea kabisa. Mpaka leo namuona.

Waliotufundisha namna ya kufanya ni akina mama wa Kirundi waliokuwa wanafanya kazi na sisi kwa posho. Walisema usimuulize mtoto jina la ukoo, muulize umusozi, yani kilima anachotoka, maana mtu wa kijijini Burundi anajulikana kwa kilima chake. Mtoto wa miaka minne hajui jina la mama yake, anajua ni mama basi, ila ukimuuliza majirani walikuwa wanamwita mama wa nani atakwambia. Muulize walikuwa wanachota maji wapi, wanasali wapi, siku ya soko wanapita njia gani na kinauzwa nini njiani. Na ndugu waandikwe kwenye karatasi moja kabla hawajapanda basi, wakishashuka umechelewa. Baada ya miezi michache tulikuwa tunapata ndugu wa watoto ambao mwanzo tulishakata tamaa.

Sasa nenda katafute hayo kwenye ripoti yetu ya mradi. Hayapo. Nilishiriki kuiandika, ilikuwa ya Kiingereza na ilitaka namba: wameandikishwa wangapi, wamecheza wangapi, imegawiwa mipira mingapi. Mwisho kulikuwa na ukurasa mmoja wa mafunzo tuliyopata, tukaujaza usiku wa mwisho kabla ya siku ya kutuma, tukaandika jamii ishirikishwe, wadau washirikiane, maneno ambayo unaweza kuyabandika kwenye mradi wowote hata wa kuchimba visima. Kuhusu wale ndugu wawili hatukuandika. Tuliogopa mfadhili asiongeze mkataba.

Uoga huo ndo unaoniuma, kwa sababu kuna waliokubali makosa yao na dunia ikafaidika. Mwaka 1994 kule Goma, Kongo, kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda, baadae ikafanyika tathmini kubwa ya pamoja ikatoka 1996 na haikuficha udhaifu wa mashirika, mwaka uliofuata ndo ikaanza kazi ya viwango vya Sphere, yani viwango vya chini vya misaada ya dharura, hivi hivi vinavyosema mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku. Kila tulipodai maji ya watoto Nyarugusu tulikuwa tunashika karatasi iliyotokana na makosa ya watu wengine.

Pale kambini tulikuwa na mama mmoja mtu mzima wa Ngara ambaye alikuwepo kambi ya Benaco huko Ngara mwaka huo huo wa 94, walipovuka daraja la Rusumo kama Wanyarwanda laki mbili na nusu ndani ya siku moja. Tulipotaka kujenga kituo cha watoto waliokuja peke yao alikataa katakata. Akasema wenzenu walifungua vituo vyenye uji na blanketi, watoto wakawa wanaongezeka kila asubuhi, maana mama asiye na kitu anamuacha mwanae getini ili ale, msijenge nyumba ya watoto, tafuteni mama wa kulea mumpe blanketi na sabuni halafu mumtembelee mara kwa mara. Tukamsikiliza. Miaka baadae nikakuta miongozo ya kimataifa ya 2004 kuhusu watoto waliotengana na wazazi inahimiza hivyo hivyo, mtoto alelewe ndani ya familia. Ilikuwa imeshaandikwa miaka kumi na moja kabla yetu, kwa Kiingereza, na sisi tulioko kambini tuliipata kwa bahati tu ya huyo mama. Ameshastaafu.

Ninavyoandika sasa hivi miradi mingi imefungwa ghafla toka Marekani ikate misaada 2025, watu wamerudisha laptopu na funguo wakaenda makwao na kila walichojifunza kichwani. Kambi ya Mtendeli kule Kakonko ilishafungwa toka 2021. Na tusidhani haya ni ya wakimbizi tu, Desemba 2023 matope yaliposhuka mlima Hanang yakaiingia Katesh nilijiuliza yule afisa ustawi wa pale ana karatasi gani ya Kiswahili ya kumwambia aanzie wapi na mtoto asiyejua nyumbani kwao kumebaki nani.

Ombi langu ni kwamba kabla mradi wa watoto haujafungwa zitengwe hata wiki tatu na hela yake, wakae na akina mama walezi, wahudumu na watoto wenyewe waliokua, waulizwe kipi kilisaidia na kipi kiliumiza, iandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya watoto hao, makosa yawemo. Majina na picha za watoto zisiwekwe kabisa, Sheria ya Mtoto ya 2009 inalinda faragha yao na faili zao zibaki zimefungwa. Nakala moja ikae halmashauri, nyingine iende Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Dar wanakosomea vijana wanaokuja kurithi kazi hii.

Mimi ninayo madaftari matatu ya kipindi kile, yalikuwa manne, moja limeliwa na mchwa. Ndani kuna maswali yote ya wale akina mama kama walivyoyasema, kwa Kirundi na tafsiri yake, majina ya watoto nimeshayafuta. Kama kuna halmashauri au chuo kinayataka nitayaleta mwenyewe kwa nauli yangu.

Mfanyakazi wa zamani wa ustawi wa watoto,
Kasulu, Kigoma