Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba, ninawasilisha taarifa ya mwaka ya chama chetu cha waungaji wa redio tunaoishi Michigan. Mikutano ya kila mwezi ilifanyika, mnada wa vipuri ulifanyika, na vali zilizokuwa ghalani, yaani zile taa za kioo za redio za zamani, zimepimwa na kuorodheshwa. Hayo mnayafahamu.

Jambo lililozua maneno ni redio ya Heathkit, yaani ya kuunga mwenyewe kwa vipuri vya kampuni ya Heath, aina ya GR-64, tuliyokabidhiwa na familia ya marehemu mwenzetu ikiwa bado vipande ndani ya kasha lake, haijaguswa tangu miaka ya 1960. Baadhi yenu mlitaka iuzwe kwa wakusanyaji, kwa kuwa kasha lisilofunguliwa lina bei kubwa, na mmoja wenu aliandika kwamba nimeteketeza mali ya chama. Ni mimi niliyeagiza lifunguliwe, baada ya Kamati kuridhia, na msimamo wangu ni uleule. Kampuni ya Heath ya Benton Harbor, katika jimbo letu hili, ilianza mwaka 1947 kuuza osiloskopu (chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme) ya kuunga mwenyewe, iliyotumia vipuri vilivyobaki baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na ilipofika mwaka 1992 iliacha biashara hiyo kwa kuwa chombo kilichoungwa kiwandani kilikwisha kuwa nafuu kuliko vipuri vyake. Naelewa kwamba makasha haya hayaongezeki, lakini wanaojua kuyaunga wanapungua kwa kasi zaidi. Wenye umri wangu wanakumbuka moshi wa lehemu mezani na subira ya kungoja vali zipate moto. Vijana wetu walikuwa hawajapata kuuona mwongozo wa Heathkit, wenye mabano ya kutia alama kila hatua inapokamilika, ambamo herufi S huamuru kulehemu na NS hukataza, kwa sababu waya mwingine bado unakuja mahali palepale. Nilisimamia kazi hiyo mwenyewe na kununua kwa fedha zangu kapasita mpya badala ya zile zilizokauka. Redio hiyo ya vali 4 sasa inanasa masafa mafupi, na walioiunga wana umri usiozidi miaka 20.

Inasikitisha kwamba waliolalamika zaidi hawakuhudhuria mkutano uliojadili suala hilo. Tuna wanachama 46. Waliolipa ada ni 19, na wastani wa mahudhurio ni 11. Mapato yalikuwa dola 1,140, yaani ada 760 na mnada 380, matumizi 985, salio 155. Kwa fedha hizo hatuwezi hata kukodi ukumbi wenye meza za kutosha, na si haki wachache wabebe gharama za wote.

Mwaka ujao, hali ikiruhusu, tunatarajia kufufua HW-101, redio ya Heathkit ya kupokea na kurusha mawimbi, iliyo ghalani, na pengine kuzuru Benton Harbor. Wenye malimbikizo ya ada wamwone Mweka Hazina kabla mkutano huu haujafungwa.

Ninawasilisha.

Mwenyekiti