Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: viza ikichelewa, lisiwe kosa la mwombaji

Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nakuandikia kutoka Chake Chake. Nasomesha skuli ya sekondari, na kwa kuwa nilijaaliwa kusoma digirii ya pili nje ya nchi, vijana niliowahi kuwasomesha hunirudia wanapotaka kuomba vyuo. Huja baada ya Alasiri, tukakaa na fomu zao, tukapitia barua za maelezo, tukatafuta walimu wa kuwaandikia mapendekezo. Kazi hii naipenda. Ila tangu mwaka jana imegeuka. Kijana anapata nafasi, anapata na mfadhili, halafu viza inakwama kwa jambo lisilomhusu, na akirudi kwa waliomruhusu na waliomfadhili anaambiwa muda wake umepita, aanze upya.

Ombi langu kwako ni moja: Wizara yako itamke kwa maandishi kwamba viza ikichelewa au ikizuiwa kwa sababu ya sera ya nchi nyengine, mwombaji asihesabiwe kuwa amekosea wala amepoteza nafasi yake hapa nyumbani.

Naomba nieleze kilichotokea, maana mitaani habari zimechanganyika. Mwishoni mwa Mei 2025 balozi za Marekani duniani kote ziliagizwa zisimamishe kupanga miadi mipya ya usaili wa viza za wanafunzi. Mwezi Juni miadi ikarudi pamoja na sharti jipya, kwamba mwombaji aziache wazi kurasa zake za mitandao ya kijamii zikaguliwe. Kisha tarehe 16 Disemba 2025 Rais Donald Trump akatia saini tangazo lililoiingiza Tanzania katika nchi zilizowekewa vizuizi vya sehemu, yaani kwa aina fulani za viza tu, kuanzia 1 Januari 2026. Viza za F, M na J zimo, na hizo ndizo za wanafunzi na za programu za kubadilishana. Viza ya J ndiyo wanayoitumia vijana wanaokwenda kusomesha Kiswahili katika vyuo vya Marekani chini ya Fulbright, mpango wa ufadhili wa serikali ya Marekani, jambo ambalo sisi wa visiwa hivi tulipaswa kuwa wa mwanzo kulisemea.

Tangazo hilohilo halikufuta viza iliyotolewa kabla ya 1 Januari 2026. Nalisisitiza hili kwa sababu namjua mzazi aliyemzuia mwanawe asipande ndege, na viza yake ilikuwa halali, kwa ujumbe tu uliokuwa ukizunguka kwenye WhatsApp. Hakuwa na pa kuuliza.

Wengine husema basi waende kwengine. Wanakwenda, lakini na huko sheria hazitulii. Uingereza, tangu 1 Januari 2024, mwanafunzi wa masta ya darasani haruhusiwi kuja na mume, mke wala mtoto. Walioachiwa ni wa uzamili wa utafiti na uzamivu, na wanaolipiwa na serikali. Kwa mama mwenye mtoto anayenyonya, sharti hilo peke yake limeifunga safari. Kanada iliweka kikomo cha idadi ya vibali vya masomo mwaka 2024 na kuwaacha nje ya kikomo hicho wanafunzi wa uzamili, mwaka 2025 ikawaingiza, na tangu 1 Januari 2026 walioko vyuo vya umma wametolewa tena kwenye kikomo hicho. Mwaka jana nilimwambia binti mmoja asahau Kanada, na kwa sheria ya wakati ule nilikuwa sahihi. Mwaka huu ilibidi nimtafute nimwambie mlango umefunguka. Ningekuwa sikuifuatilia habari hiyo usiku nyumbani kwangu, asingejua.

Mheshimiwa, naomba nikuoneshe jambo moja kwa karibu. Uingereza inataka pesa za kujikimu zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango kilichowekwa, hata kwa siku moja. Kijana mmoja wa Wete alipata chuo na nusu ya ada, na ukoo ukachanga iliyobakia. Shangazi yake aliyeko Muscat alituma, mama aliuza ng'ombe, mjomba akatoa pesa alizoziweka kwa ajili ya msimu wa karafuu. Siku 28 hazijatimia, mikarafuu ikaiva, na mjomba akazihitaji kuwalipa wachumaji, maana mchumaji hulipwa pishi zake jioni ileile. Zikatolewa. Baada ya siku chache zikarudishwa zote, hazikupungua hata shilingi. Kijana alinionesha stetimenti ya benki akiwa ameukunja ule mstari mmoja ambao salio limeshuka, kama kwamba karatasi ikikunjwa afisa wa viza hatauona. Hesabu ilibidi ianze siku ya kwanza, na ilipotimia tarehe ya mwisho ya kuripoti chuoni ilikuwa imeshapita.

Hakuna mtu mbaya katika kisa hiki. Mjomba hakukosea, wala sharti halikufichwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia mapema, kabla ng'ombe hajauzwa, kwamba pesa zikishaingia hazitoki.

Ujerumani nayo inataka euro 11,904 ziwekwe kwenye akaunti maalumu inayotoa kidogo kidogo kila mwezi. Ada ya chuo cha umma huko aghlabu hakuna, na ndiyo maana vijana wengi wanaipigia hesabu, lakini nani katika Micheweni atakayeonesha euro 11,904 kwa mkupuo mmoja? Kwa Marekani kuna dola 350 za usajili wa mwanafunzi na dola 185 za maombi ya viza, na ukinyimwa viza, ile 185 hairudi. Juu ya yote hayo, alama za vidole ni Dar es Salaam na usaili ni Dar es Salaam: gari mpaka Mkoani, boti mpaka Unguja, boti nyengine kuvuka, na pa kulala. Miadi ikisogezwa, safari nzima inarudiwa.

Sasa nije kwenye ofisi zetu, kwa sababu ya balozi hatuna mamlaka nayo na ya ofisi zetu tunayo.

Mwalimu mwenzangu, mama wa watoto wawili, alipewa ruhusa ya masomo kuanzia Septemba. Barua ilitaja tarehe. Usaili wake ukasogezwa mbele, kisha ukasogezwa tena, na chuo kwa uungwana wake kikakubali kumwekea nafasi mpaka mwaka unaofuata. Hapa kwetu tarehe ilipopita ruhusa ikahesabiwa kuwa imekufa. Aliambiwa aombe tangu mwanzo, na kwenye fomu mpya kulikuwa na swali kama amewahi kupewa ruhusa akashindwa kuitumia. Aliandika ndiyo, kwa sababu ni mkweli. Mfadhili wake wa hapa nyumbani naye alisema fedha zile zilikuwa za mwaka ule. Hivyo chuo cha mbali, kisichomjua hata jina la mtaa wake, ndicho kilichomsubiri, na waliomlea kielimu hawakumsubiri. Hili ndilo lililonifanya nikae niandike.

Waraka wa ukurasa mmoja unatosha kulirekebisha. Ukisema kwamba ruhusa ya masomo inahama pamoja na tarehe ya viza kwa muda usiozidi mwaka. Kwamba mkopo au ufadhili wa Serikali unashikiliwa mpaka msimu unaofuata wa kujiunga, au unahamishiwa chuo chengine au nchi nyengine kwa fani ileile. Na kwamba swali lile la kwenye fomu halimhusu aliyezuiwa na ubalozi. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar iwemo katika waraka huo, ili mwombaji asizungushwe baina ya ofisi mbili. Ushahidi ni rahisi kuuleta: barua ya kukataliwa, au ujumbe wa ubalozi unaosogeza miadi. Mtu hawezi kuighushi tarehe ya tangazo la nchi nyengine.

Mwaka mmoja sikuutaja kwa kubahatisha. Matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza unaotakiwa na vyuo vingi, hudumu miaka miwili, na ukihesabu miezi ya kuomba na kusubiri majibu, aliyeahirisha kwa mwaka mmoja anafika ukingoni mwa miaka hiyo. Akirudishwa mwanzo na ofisi zetu atalazimika kufanya mtihani tena, alipe tena, avuke tena.

Pamoja na waraka, naomba mtu. Siombi idara mpya wala jengo. Afisa mmoja Unguja na mmoja hapa Pemba, wenye kazi ya kufuatilia sheria za viza za nchi wanazokwenda vijana wetu na kuzitangaza kwa Kiswahili kila zinapobadilika. Pale ambapo Serikali haitoi habari, madalali wanatoa. Nimeona watu wakitozwa pesa nyingi kwa kuahidiwa miadi ya usaili wakati miadi yenyewe ilikuwa imesimamishwa dunia nzima. Tangazo la mistari mitatu kutoka Wizarani lingewaokoa.

Afisa huyohuyo atie saini barua za kuthibitisha kwamba kazi ya mwombaji inamsubiri. Si jambo dogo hilo. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inamchukulia mwombaji wa viza ya mwanafunzi kuwa anataka kuhamia moja kwa moja mpaka athibitishe kinyume chake, na kazi inayomngoja nyumbani ni katika ushahidi wenye uzito.

Najua patakuwa na wa kusema kwamba vijana wakishaondoka hawarudi, na kwamba hata Marekani ilipotuwekea vizuizi ilitaja Watanzania wanaozidisha muda wa viza. Hoja hii siikwepi. Wapo waliozidisha, na wametufungia mlango sote. Lakini wapo waliorudi, nami ni mmoja wao, na hatuna pahala tulipoandikwa. Anayesoma kwa Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, anafungwa na sharti la kurudi nchini kwake kwa miaka miwili. Wizara ikiweka daftari la waliosoma nje wakarudi, nani anasomesha wapi, nani anatibu hospitali gani, itakuwa na la kuweka mezani. Tangazo la Marekani linataka orodha ya nchi ipitiwe kila baada ya siku 180. Naelewa kwamba mambo ya nje, uhamiaji na elimu ya juu ni mambo ya Muungano, na kwamba wewe huendi ubalozini kwa niaba ya nchi. Lakini Wizara ya Mambo ya Nje itakwenda na kitu gani kutoka Zanzibar kama sisi hatujakiandika?

Na wale ambao mlango wao hautafunguka mwaka huu wasiachwe barazani. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kina masomo ya uzamili, na Bweleo, Unguja, tuna kampasi ya IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, iliyofunguliwa mwaka 2023, ambayo imetoa nafasi za uzamili tangu mwanzo wake. Kwa fani zilizopo hapa, ufadhili uliokwama uruhusiwe kutumika hapa. Kwa fani ambazo hapa hazipo, na ni nyingi, kusubiri mwaka mmoja ni bora kuliko kumsukuma daktari akasome asichokihitaji ili tu fedha zisirudi Hazina.

Kuna jambo la haraka pia. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba aliyepewa nafasi ya uzamili pamoja na ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Vijana wenye barua hizo mkononi wanatakiwa kuamua kama watakubali, wataomba kuahirisha, au watachukua nafasi ya nchi nyengine. Uamuzi huo unategemea sana kama hapa nyumbani ruhusa na fedha zao zitawasubiri. Hata jibu la muda kutoka Wizarani, kabla waraka haujakamilika, litawasaidia.

Dirisha la Chevening kwa kawaida hufunguliwa Agosti, na vyuo vingi hufunga maombi baina ya Disemba na Januari. Waraka ukitoka kabla ya Agosti, wanaoanza kuomba mwaka huu wataomba wakijua wanasimama wapi. Mimi na walimu wenzangu watatu wa Wete na Mkoani tuko tayari kuja Unguja siku utakayotutajia, na nakala za barua, stetimenti na majibu ya balozi ambazo wenyewe wameridhia uzione.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu wa sekondari,
Chake Chake, Pemba